Kanga Zisizopindwa

Ukitaka kumjua Bi Asmahani, mpelekee mzigo halafu ujaribu kumficha kilichomo. Atavua miwani, ataifuta kwa ncha ya mtandio, atairudisha puani na kukuuliza upya kana kwamba jibu la kwanza hakulisikia: "Baba, ndani mna nini?" Ukirudia uongo wako atakusogezea karatasi zako, atakutajia mawakala wengine wa mjini Tanga bila kinyongo, na mlango atakufungulia mwenyewe. Ukisema kweli atakuagizia chai.

Kazi yake ni uwakala wa forodha. Mtu akiingiza mzigo kutoka nje, au akiutoa kwenda nje, serikali hutaka kujua ni kitu gani, kimetoka wapi, kina thamani gani na mwenyewe ni nani. Majibu hayo huandikwa katika tamko ambalo watu wa bandarini huliita kadhia, na mwandishi wake hutia jina lake chini. Likiwamo neno la uongo, mwenye mzigo huulizwa, na aliyetia jina huulizwa zaidi. Jina la Bi Asmahani limekaa chini ya kadhia tangu akiwa msichana mwembamba, na mpaka mwaka huu hapakuwa na hata moja iliyorudishwa kwa uongo.

Ofisi yake ni chumba kimoja ghorofani, mtaa wa nyuma ya mnara wa saa, ngazi za mbao zinazolia kila akipanda mtu. Anafanya kazi na Samiha, binti wa kaka yake, ambaye ndiye mwenye vidole vya kompyuta. Siku hizi kadhia huenda na kurudi kwa waya, na mzigo unaweza kutoka bandarini Samiha hajainuka kitini. Bi Asmahani hasemi kwamba ni vibaya. Ila akimwona mtu akifungua ile droo ya chini iliyohifadhi karatasi za kaboni zilizokauka, hukohoa na kutazama dirishani. Zamani kadhia ilikuwa ni miguu. Ulichapa kwa taipureta, ukabeba nakala zako kwapani, ukazunguka meza hadi meza, na kila meza ilikuwa na muhuri, kila muhuri ulikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na maneno. Ukirudi ofisini ulijua nani kaoa, nani kahamishiwa Kigoma, mtoto wa nani kafaulu. Sasa anajua mizigo tu, watu hawajui. Jambo hilo humuuma, naye halifichi.

Wateja wake wengi si matajiri. Yuko mwenye iliki ya Amani, ambaye kila mwaka husahau kwamba mbegu haivuki bila cheti kwamba haina wadudu. Wako wachuuzi wa machungwa ya Muheza, wanaovusha malori yao kwenda Mombasa kupitia Horohoro. Hao huwafundisha kwa upole, maana bidhaa ya nchi zetu za jirani haitozwi ushuru mpakani, sharti uonyeshe cheti cha uasili wake. "Chungwa halina mdomo," huwaambia. "Halitasema lenyewe kwamba limezaliwa Muheza. Lisemee." Na kwa kila mteja, wa iliki na wa machungwa na wa mitumba, ana wasia mmoja asiouchoka: fungua kwanza, sema baadaye. Sheria inamruhusu mwenye mzigo kuomba kuutazama kabla hajautolea tamko. Kwa nini basi useme kitu usichokiona?

Watu humuuliza alijifunzia wapi ukali huo. Hucheka tu. Alijifunzia Horohoro, kwa kanga.

Mwaka ule mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena si zamani, na maduka ya Tanga yalikuwa na rafu ndefu na viberiti vichache. Sabuni ilikuwa habari. Kanga ilikuwa hadithi. Na Asmahani alikuwa amechumbiwa na Abdulhakim, fundi wa reli, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Bi harusi wa pwani kuingia kwa mume na sanduku lisilo kanga ni jambo la kuzungumzwa mtaa mzima, na mtaa wa Mabawa ulijua kuzungumza. Basi ikapangwa safari ya Mombasa, na wa kufuatana naye hakuwa mwingine ila Tuhfa.

Tuhfa alikuwa mtoto wa ukuta wa pili. Wazazi wake walihamia Mabawa kutoka Wete, Pemba, na nyumba zao mbili zilipakana hivi kwamba wasichana hawa walipashana maneno kupitia tundu la ukuta kabla hawajajua kusoma. Asmahani alikuwa wa kupanga, Tuhfa wa kupangua. Asmahani alifua Ijumaa, Tuhfa alifua akikosa cha kuvaa. Sindano ndiyo aliyoichukia kuliko mizimu. Chuoni alipotakiwa kulishonea juzuu lake mfuko, alimhonga Asmahani visheti, na Asmahani akashona miwili.

Kule Mombasa walifikia kwa shangazi yake Tuhfa. Walinunua kanga mpaka mikono ikauma, za rangi ambazo Tanga ilikuwa haijaziona kwa miaka, nyingine nyekundu kama sharubati. Shangazi mtu, aliyekuwa mzoefu wa njia ile, akawapa siri ya mpaka. Doti nzima, yaani pande mbili ambazo hazijatenganishwa, maafisa waliihesabu kuwa ni bidhaa. Kanga iliyokatwa ikapindwa ncha zake, hiyo ilikuwa nguo ya msafiri, mtu kavaa chake, apite. Hayakuandikwa popote. Yalikuwa mazoea tu, lakini mazoea yenyewe yalishikwa na pande zote mbili kama aya.

Jioni yote Asmahani alikaa mkekani akikata na kupinda. Tuhfa alilala ubavu akila mabuyu.

"Shoga, pinda," Asmahani alimwambia.

"Mie sindano yan'choma."

"Kesho utakamatwa."

"N'tazivaa zote. Nani atan'chungulia upindo? Mwanamke mzima afunuliwe nguo njiani?"

Kesho yake walifika Horohoro wakiwa wanene. Asmahani alikuwa amejifunga kanga juu ya kanga, zote zimepindwa, jasho linamtiririka. Tuhfa naye alikuwa amejizungushia doti nzimanzima akiwa duara, nusu ya kanga zote za harusi. Afisa wa zamu alikuwa mama mmoja mpole wa sura. Akamtazama Asmahani, akainua ncha ya kanga kwa kidole kimoja, akaona upindo, akampungia mkono apite. Akainua ncha ya Tuhfa. Kisha akainua ya chini yake. Kisha ya chini yake.

"Binti, hii ni nguo au ni biashara?"

Tuhfa hakuwahi kukosa jibu. "Mama, hizi ni za watu wawili wanaopendana," akasema. "Ndio maana hazijakatwa."

Foleni nzima ilicheka. Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi, halafu akazichukua zote.

Ndani ya basi Tuhfa alilia tangu mpakani mpaka Mabokweni, na Tuhfa hakuwa mtu wa kulia. Asmahani hakulia. Alikasirika, na aliposema alisema neno moja tu: "Ungepinda." Siku ya harusi mama yake aliazima kanga kwa majirani kujaza sanduku, likafunguliwa mbele ya wanawake wa kwao Abdulhakim, likasifiwa, na wiki iliyofuata mama akazirudisha nyumba kwa nyumba, zimefichwa chini ya kikapu. Aibu ile haikufika kwa wakwe, lakini Asmahani na Tuhfa waliijua, na ilitosha.

Wengine wangetoka katika kisa kile wamejifunza kukwepa kwa ustadi zaidi. Asmahani alitoka na hamu ya kujua sheria. Aliona kwamba kanga zake zilivuka na za mwenziwe hazikuvuka, na baina yao hapakuwa na kitu ila kanuni ndogo ambayo mmoja aliishika na mwingine akaidharau. Akataka kuzijua zilizobaki. Akaomba kazi ya kupiga taipureta kwa wakala mmoja wa bandarini, akaona kadhia zikipita chini ya vidole vyake siku baada ya siku, na miaka ilivyokwenda akapata leseni yake mwenyewe. Abdulhakim alimpigilia msumari wa kutundikia leseni ile ukutani. Msumari upo bado, yeye mwenyewe Mungu amrehemu.

Tuhfa aliolewa Maskati na binamu ya mama yake, akaondoka. Alirudi mara moja, watoto wake wakiwa wadogo, kisha maisha yakamshika. Ikabaki simu. Kwanza simu za kupiga kelele, za posta, sauti ikienda na kurudi. Kisha hizi za mkononi, ambazo Tuhfa alizitumia kama alivyolitumia lile tundu la ukuta, kwa kuzungumza bila kituo. Na humo katika simu lile neno likageuka kuwa lao. Tuhfa kaunguza wali: "Ungepinda." Kakosa ndege ya kwenda hija na mumewe, wakangoja ya pili: "Ungepinda." Kaumwa magoti kwa kukataa kutembea kama alivyoagizwa na daktari: "Ungepinda, shoga, ungepinda." Tuhfa alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Miaka ile ya mwisho alicheka kidogo na kukohoa sana.

Mwaka huu mwanawe, Mudathir, alipiga simu asubuhi, na Bi Asmahani alijua kabla hajasema. "Mama mdogo," akasema, "mama katutangulia." Walimzika kulekule. Bi Asmahani alikaa eda ya moyo ambayo hakuna sheria iliyoiandika. Alikwenda ofisini, akarudi, akala alichopikiwa. Akiwa na la kuchekesha alishika simu, kisha akaiweka.

Baada ya muda Mudathir akapiga tena. Palikuwa na sanduku. Mama yake aliagiza liende Tanga kwa Asmahani kama lilivyo, lisifunguliwe. Limeshapakiwa katika meli, ufunguo umegundishwa chini yake kwa utepe. Ndani mna nini? "Nguo zake, mama mdogo. Nguo za mama. Ndivyo nilivyoandika kwenye orodha."

Sheria ya jambo hilo Bi Asmahani aliijua. Vitu vya marehemu alivyokuwa akivitumia, visivyo vya kuuza, huingia nchini bila ushuru, ukileta cheti cha kifo na orodha ya vilivyomo. Sanduku lilipofika, Samiha alikaa mbele ya kompyuta akasita.

"Shangazi, tusiombe kulitazama kwanza?"

"Ni nguo za maiti wetu, Samiha. Unataka nizipekue mbele ya wapagazi?"

"Wewe ndiye husema fungua kwanza."

"Andika," Bi Asmahani alisema. "Nguo za marehemu, zilizotumika."

Mganga hajigangi. Mwanamke aliyewafukuza watu ofisini kwa kusema wasichokiona, akasema asichokiona, akatia jina lake. Tusimlaumu sana. Aliogopa harufu. Aliogopa kufungua kifuniko akakutana na Tuhfa mzima ndani ya buibui lake, katikati ya ghala, watu wakimtazama. Lakini forodha haina safu ya kuandika kwamba uliogopa.

Mtambo wa forodha ukalichagua sanduku likaguliwe. Afisa aliyepangiwa alikuwa Castory, kijana wa Kagera, mgeni Tanga, mwenye shati lililonyooshwa na adabu iliyonyooka vilevile. "Shikamoo mama," alimwambia pale mlangoni mwa ghala, naye akamwitikia, "Marahaba, mwanangu," akamfuata ndani na moyo wake ukiwa mzito. Sanduku lilikuwa la bati, la kijani, la aina ile ile waliyokuwa wakinunuliwa mabinti wa Mabawa wakiposwa. Castory alibandua ufunguo, akafungua.

Kweli ilitoka harufu, lakini si ya Tuhfa. Ilikuwa harufu ya dondo, ule wanga wa nguo mpya, na udi kwa mbali. Kanga juu ya kanga, zimekunjwa, rangi zimekaza, zimepangwa mpaka ukingoni. Castory aliinua za juu. Chini yake kanga. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Chini yake kanga.

"Mama," akasema polepole, "hizi zimetumika wapi?"

Bi Asmahani aliketi juu ya kreti lililokuwa pale.

"Tamko linasema nguo zilizotumika," Castory aliendelea, na ilionekana wazi hakufurahia anachokisema. "Hizi ni mpya. Na ni nyingi, mtu angefungua duka. Nikiandika ninachokiona, hili ni tamko la uongo. Unajua zaidi yangu linakwenda wapi."

Alijua. Mzigo uliotolewa tamko la uongo unaweza kutaifishwa na kupigwa mnada, na wakala aliyeutolea tamko anaweza kuondolewa leseni. Maneno hayo alikuwa akiwaambia watu kila juma. Akaona kanga za Tuhfa zimetandazwa uani kwa dalali, wanunuzi wanazitomasa. Mara ya pili, akawaza. Mara ya pili zinachukuliwa, na mara hii mimi ndiye sikupinda.

Castory alikuwa ameinua moja kwenye mwanga wa mlango. "Ila ajabu," akasema. "Zimekatwa. Na zimeshonwa ncha."

"Nipe."

Ilikuwa ya rangi ya kahawia na njano. Mshono ulikuwa wa mkono, na ulikuwa mbaya. Ulipanda, ukashuka, ukaruka mahali ukarudi kujazia. Karibu na kona palikuwa na doa dogo lililokauka, doa la kidole kilichochomwa. Bi Asmahani alichukua ya pili. Akachukua ya tatu. Aliinuka akaanza kuzitoa mwenyewe, anazipindua ncha, anaziweka begani, na Castory akasogea kumpisha. Za chini kabisa ndizo zilikuwa na mshono wa aibu, ule ambao somo, mwalimu wa wanawali, angeufumua. Kadiri zilivyopanda juu mshono ulinyooka, mpaka hizi za mwisho ungeweza kudhani zimepita kwa fundi. Hakuna hata moja iliyokuwa haijapindwa.

Akampigia Mudathir palepale ghalani.

"Mama mdogo, umeshalifungua?" Alipoambiwa kilichomo Mudathir alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mama yake. "Hata mimi sikujua ni kanga tupu. Nilijua ana kazi ya mkono tu. Mwaka wa mwisho hakuweza kusimama, akawa anashona kutwa nzima kitandani. Tukamwambia tumletee fundi. Akakasirika! Akasema kazi hii Asmahani ataikagua. Na alinipa maneno nikwambie ukishafungua, si kabla. Alisema: mwambie safari hii nimepinda."

Bi Asmahani alicheka. Kicheko kilimtoka kikubwa, wapagazi wakageuka, na katikati yake kikawa kilio, akashindwa kukitenganisha kimoja na kingine. Alilia kwa sauti, kwa jinsi ambayo hakulia siku ya habari. Castory alivua kofia yake, hajui aiweke wapi. Mwishowe akamwuliza kuna nini, naye akamweleza yote, Horohoro, mabuyu, yule mama aliyeinua ncha kwa kidole kimoja, na kanga za kuazima.

Kijana aliirudisha kofia kichwani. Kisha akasema, "Mama, kanga iliyokatwa na kushonwa hakuna duka litakaloiuza. Si biashara hii, hata kipofu anaona. Na marehemu kazishika zote, mwaka mzima, kitandani kwake. Nikiandika zimetumika, nani atanibishia?"

Na hapo ndipo alipojaribiwa, maana kila kitu ndani yake kilitaka kusema ndiyo. Si ndivyo alivyotaka Tuhfa? Si ndiyo maana alijichoma vidole? Neno moja tu lingeziacha kanga salama, leseni ukutani na jina likiwa jeupe. Alizitazama zile pindo. Tuhfa hakumwomba fundi, na hakumwomba mtu amshonee kwa visheti. Alikuwa amefanya kitu kigumu kuliko vyote kwake, na akakifanya sawasawa, ili pasiwe na mtu wa kumnyooshea kidole mara hii. Nikizipitisha kwa uongo, Bi Asmahani alijiambia, basi zitakuwa za magendo vilevile, na kila nitakapojitanda nitamwona yule mama akiinua ncha.

"Mwanangu," akasema, "zimevaliwa?"

"Sijui, mama. Wewe ndiye unayejua."

"Hazijavaliwa. Bado zina dondo. Andika mpya, zawadi, si za kuuza. Na andika kwamba wakala alitoa tamko bila kutazama mzigo."

"Utapigwa faini."

"Kwa haki."

Alipigwa. Mkubwa wa Castory alisoma maelezo, akakubali kwamba hapakuwa na nia ya kudanganya, leseni ikaachwa na mzigo haukutaifishwa. Lakini faini ilitoka, na ushuru ulitoka, na katika jalada lake likaingia onyo, la kwanza tangu alipotia jina chini ya kadhia. Samiha alilisoma onyo lile kwenye kompyuta, midomo ikamtetemeka.

"Shangazi, miaka yote hiyo bila doa."

"Niliwaambia watu wafungue kwanza. Mimi sikufungua." Alimgusa bega. "Lichapishe. Nitalitundika chini ya leseni, wateja walione."

Siku ya kutoa sanduku Samiha alikodi bajaji, ikangoja nje ya geti la bandari. Hati ya kutolea mzigo ilikuwa mkononi, mihuri yote imo, ya siku hizi isiyo na mwenyewe. Wapagazi walikuwa wameshainama kulibeba sanduku.

"Ngojeni," Bi Asmahani alisema.

Alilifungua palepale kivulini mwa ghala. Akachukua ile ya kahawia na njano, ile yenye doa, akajifunga juu ya gauni. Akajifunga nyingine juu yake. Samiha alidhani shangazi yake amepatwa na wazimu, kisha akakumbuka kisa cha Horohoro alichosimuliwa, akaanza kumsaidia, anazizungusha na kukaza mafundo. Nyingine alijitanda, nyingine zikaning'inia mabegani, mpaka mwanamke yule mwembamba akawa duara na jasho likaanza kumtiririka kama la usichana. Zilizobaki walizirudisha sandukuni. Akaanza kutembea kuelekea getini, kwa hatua za mtu mnene, kichwa juu.

Mlinzi wa geti alikuwa akimjua tangu zamani. Akamtazama, akatazama tena.

"Bi Asmahani! Umenenepa ghafla? Umebeba nini humo?"

Zamani, akiwa msichana, angeshusha macho akamwomba Mungu. Bi Asmahani alisimama. Akaishika ncha ya kanga ya juu kwa vidole viwili, akaiinua mwenyewe, akamwonyesha mshono. Kisha akainua ya chini yake. Kisha ya chini yake.

"Kanga," akasema. "Zimepindwa, na zimelipiwa."

Akampa hati. Mlinzi aliisoma, akacheka, akafungua geti wazi, lote, kana kwamba linapita lori. Nje kulikuwa na jua na kengele za baiskeli. Bi Asmahani alipiga hatua ya kwanza nje ya mstari, akasimama tena, na Samiha aliyekuwa nyuma yake akamsikia akisema na mtu ambaye hakuwapo.

"Tumevuka, shoga," alisema. "Zote."